Vitone Viwili Mlangoni kwa Walburga

Alhamisi, 1 Oktoba 1998
Msiba. Kibao cha zamani cha mgahawa wa Walburga kililiwa na wadudu, na leo Quirin seremala ametundika kipya. Mnyama amechongwa vizuri, sikatai: mbuzi wa mwambani, pembe zimepinda nyuma kama kulabu. Lakini chini yake! GÄMSE! Enzi zote, kwa Kijerumani chetu, jina la mnyama huyu limeandikwa Gemse, kwa e. Tangu Agosti, kwa amri ya tahajia mpya, shule zinafundisha a yenye vitone viwili kichwani, kama aliyeumwa na mbu. Aliyemshauri Walburga ni Zirngibl, mwalimu, mwenzetu wa karata. Nilijua.

Nilisimama mezani nikadai maelezo. Walburga akauliza kama maneno hayo mawili yanatamkwa tofauti. Hapana, nikasema, yote ni "gemze". Akauliza kama mnyama mwenyewe amebadilika. Hapana.

"Basi kunywa bia yako, Korbinian."

Nikaapa mbele ya wote: sipiti chini ya kibao kile mpaka e irudi. Nikatoka kwa heshima. Nyama ya nguruwe niliiacha nusu, na ngozi yake iliyokauka vizuri sikuwa nimeigusa. Naiwaza hadi sasa.

Ijumaa, 2 Oktoba
Afra, mke wangu, ameniuliza kama nimewahi maishani kusema "gemze". Huku milimani wote tunasema "gams", tangu tukiwa watoto. Nikamjibu kwamba hilo si suala. Akauliza suala ni lipi. Nikaenda kuandika barua kwa gazeti la wilaya. Kurasa nyingi. Nimewataja Warumi.

Mkakati uko wazi. Karata za Alhamisi ni za watu wanne: Walburga, Quirin, Zirngibl na mimi. Niondoe mimi, meza inakufa. Hawatamaliza wiki. Nimewapa Alhamisi moja.

Jumapili, 4 Oktoba
Baada ya kanisa nimembana Quirin. Kasema yeye huchonga anachoambiwa. Angeambiwa achonge "ng'ombe" angechonga "ng'ombe" akaenda kula. Mtu asiye na msimamo!

Zirngibl akanisalimia kwa adabu. Ndiyo sumu yake. Akaeleza taratibu kwamba neno ni ndugu wa "gams", kwa hiyo a ni haki yake. Nimerudi nyumbani nikafungua kamusi zangu zote. Ana hoja. Jambo hili lisitoke humu.

Jumatano, 7 Oktoba
Barua imetoka! Imebaki sentensi mbili. Na gazeti, kwa kujitia la kisasa, limesahihisha tahajia yangu. Sasa wilaya nzima imesoma kwamba mimi, Korbinian Stadler, nataka Gämse ifutwe na badala yake iandikwe Gämse. Mwoka mikate amenipongeza. Kasema hatimaye nimeandika kitu asichoweza kukipinga.

Alhamisi, 8 Oktoba
Siku ya ushindi. Nimekaa dirishani tangu jioni, nikingoja waje kuniomba. Simu ikalia. Ya Afra. Akavaa koti. Nikauliza anakwenda wapi. Kwa Walburga, wamepungukiwa mtu.

Nikamwambia huo ni usaliti wa nyumba.

"Aliyeapa ni wewe, baba. Mimi sikuapa kitu."

Amerudi mashavu mekundu, ananukia mafuta ya nguruwe. Ameshinda karata jioni nzima. Kumbe alicheza na kaka zake tangu utotoni! Miaka yote ya ndoa hajasema. Namuuliza kwa nini. Eti sikuwahi kunyamaza akapata nafasi. Na Quirin, mchonga ng'ombe yule, kasema ni raha kucheza na mtu asiyehutubu kila anapotupa karata.

Jumanne, 13 Oktoba
Hila mpya: mlango wa jikoni. Hauna kibao, kiapo kiko salama. Nilipanga kumpata Walburga peke yake, nimshinde kwa hoja. Hakucheka. Akanivalisha aproni, akanipa ndoo ya viazi. Kasema anayeingia kwa mlango ule hufanya kazi.

Nikahutubu huku nikimenya. Urithi! Mababu! Lugha! Alisikiliza hadi mwisho, kisha akafuta mikono.

"Kibao kile ndicho kitu cha kwanza nilichonunua mwenyewe tangu baba azikwe," akasema. "Vingine vyote ni vyake. Hata sufuria hiyo."

Nikarudi kwenye ndoo. Mimi! Nikamenya viazi vyote. Nilipoaga akaniambia Alhamisi nije kwa mlango wa mbele, kama mtu.

Alhamisi, 15 Oktoba
Nimepita chini ya kibao. Nilifumba macho, maana asiyeona hajakubali. Nikajigonga kwenye mwimo wa mlango. Wote waliona.

Kitini pangu amekaa Afra, na hakuna aliyependekeza ahame. Lakini walikuwa wameniandalia kiti kingine, karibu na jiko la kuni, mahali penye joto kuliko pote. Kiti cha mtazamaji. Kwetu mtazamaji wa karata huitwa kwa jina la ndege, kiebitz, yule wa malishoni mwenye kishungi kichwani, na sheria yake ni moja: atazame, ale, asiseme neno. Walburga akaniletea nyama. Ngozi yote. Zirngibl akanipa mkono. Nilikula kimya. Nakiri, nilikaribia kuwa na furaha.

Kisha nikageuka nione kilichochongwa mgongoni mwa kiti. Ndege, mzuri, kishungi na vyote. Na chini yake: KIBITZ.

Bila e! Na hapa hata sikio linasikia, maana tunatamka "kiibits", na e ndiyo inayoivuta ile i! Nikavunja ukimya. Nikaapa mbele ya wote: sikalii kiti kile mpaka e irudi. Quirin akauliza kama napenda kusimama. Nikasema napenda sana.

Nimesimama hadi kufunga. Miguu inawaka moto. Afra ameshinda tena. Lakini meza gani inaweza kuishi bila mtazamaji? Hawatamaliza wiki. Nimewapa Alhamisi moja.