Lodi wa Kibuta

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Tangazo limefika. Kibuta nzima tuhamie kijiji kipya cha Ujamaa, kando ya barabara, kabla mwezi haujaisha. Mimi! Niiache nyumba ya baba, mikorosho ya baba, kaburi la baba? Thubutu! Mwanaasha, mke wangu, kasema kule kuna bomba la maji. Nimemjibu kwamba ukoo hauuzwi kwa ndoo. Kanitazama, kachukua ndoo, kaenda mtoni.

Jumanne, 6 Agosti
Dawa nimeipata. Nimefukua sandukuni kitabu cha picha alichoniachia Bwana Dunkani, yule Mskochi niliyempikia kwenye shamba la mkonge la Mlandizi. Ngome tupu! Kwao bwana wa ardhi anaitwa lodi. Wafalme wanakuja, wafalme wanakwenda, lodi na ukoo wake wamo tu, miaka mia tano. Kwa nini? Wana mnara, wana handaki, wana kitambaa cha mistari cha ukoo. Kitambaa ninacho, kikoi changu. Handaki kesho.

Kweli, Dunkani aliwahi kunisimulia kwamba babu yake alifukuzwa kwao na lodi ili apishe kondoo. Mwanaasha kauliza, sasa wewe ni lodi au ni babu? Maswali ya kijinga hayo.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimechimba mbele ya mlango tangu jana. Urefu wa kitanda, kina cha kiuno. Mgongo unawaka moto! Kapita Leodegar, katibu wa kijiji kipya. Mluguru, yaani mtani wetu Wazaramo. Kauliza ni la nini. Nimemwambia hapa hapiti mtu. Kalitazama shimo, kanipima mimi urefu kwa macho, kaenda zake anacheka. Hana adabu.

Ijumaa, 9 Agosti
Astaghfirullah! Natoka msikitini, nakuta kilio kwangu. Leodegar kalala ndani ya handaki, kajifunika jamvi langu, analia kwamba mtani wake Mfaume, yaani mimi, kafariki na yeye hatoki kaburini mpaka apewe kuku. Watu wamejaa uani! Nimepiga kelele kwamba niko hai. Biasha, dada yangu wa tumbo moja, kaniambia marehemu hasemi. Na utani ni utani, ukikasirika aibu ni yako. Nimetoa kuku. Jogoo wangu!

Jumamosi, 10 Agosti
Matanga yanaendelea. Wamemaliza mihogo yote. Nikinuna, wanasema marehemu hakuwa na choyo hivi.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimekwenda Kisarawe kushtaki. Ngome nimemwachia Mwanaasha. Nimemsimulia kwanza habari za bibi mmoja wa Uskochi aliyeilinda ngome miezi mitano mumewe akiwa hayupo, mpaka maadui wakachoka. Kasema kasikia.

Ofisini wamenijibu kwamba malalamiko ya marehemu huletwa na mrithi. Habari zimenitangulia! Narudi nyumbani, hamna mlango! Hamna kitanda! Hamna hata kinu! Watani wamesema maiti haihitaji mlango, wakabeba kila kitu mpaka kijijini kwa nyimbo. Na nani katangulia mbele na ndoo kichwani? Bibi mlinzi wa ngome!

Nimekaa kwenye kaburi la baba nikalia. Nimelia kweli, si utani. Kaja Leodegar na panga, kafyeka majani ya kaburi pande zote. Kisha kasema mikorosho bado ni yangu, nitakuja kuvuna, na kaburi hakuna wa kuligusa. Kanishika mkono tukaondoka. Mtu kakuibia mlango, halafu anakufanyia wema! Huo ni uonevu.

Jumatano, 14 Agosti
Niko kijijini. Mlango wangu umeshapachikwa kwenye nyumba mpya, tena vizuri kuliko mwanzo. Inaudhi. Mwanaasha anaoga mara mbili kwa siku na kuimba. Jirani yangu nani? Leodegar! Jogoo wangu anawika uani kwake alfajiri, na mimi ndiye ninayeamka.

Nimekisoma kitabu upya. Kosa nimeliona: nilianza na handaki, kumbe malodi walianza na mnara! Kesho nakwenda kukata nguzo kimyakimya. Sijamwambia mtu, isipokuwa Mwanaasha.

Jioni hii Leodegar kabisha hodi. Kauliza msiba wa safari hii ni lini, maana jamvi langu bado analo.