Gego la Msemaji

Jumatatu, 4 Agosti

Kosa la watu wengi ni kungoja jino liume ndipo waende kwa daktari. Mimi silifanyi. Langu limeshaanza kuuma, na bado sijaenda.

Nina sababu. Jumatano ya wiki ijayo tunafungua ukumbi mpya wa kanisa. Chifu atakuwepo. Mbele ya chifu husimama matapule, msemaji wake, na matapule wa kijiji hiki ni mimi, Uaisele, mwalimu mstaafu wa jiografia. Hotuba iko tayari kichwani. Inaanza na upepo, inapita kwa mababu, inatua taratibu juu ya mabati mapya. Nzuri mno.

Tatizo lina jina: Kelepi. Binamu yangu, msemaji wa pili. Sauti ya ngoma, subira ya paka aliyeona samaki. Akisikia gego linanisumbua, chai haitapoa kabla hajafika kwa mkuu wa kijiji kunihurumia. Hotuba itakuwa yake.

Gego liko juu, kulia. Linadunda polepole, kama wanawake wanaoponda magome ya mti kutengeneza tapa, kitambaa chetu, katika nyumba ya mbali. Mchana nililala nikilisikiliza. Karibu nilipende.

Mke wangu, Ilaisaane, anasema hospitali ya Neiafu imepata mashine mpya ya picha za meno, nikapigwe. Nikamweleza kwa upole kwamba picha za meno nazijua. Unang'ata kadi inayochoma ufizi. Filamu inapelekwa chumba cha giza, inaogeshwa kwa dawa, inaanikwa kama nguo. Unaambiwa urudi wiki nyingine. Wakati huo kijiji kizima kimejua.

Akasema hizo ni habari za enzi za bibi yake. Akatabasamu, jino lake la dhahabu likawaka. Mwanamke mzuri. Hajui siasa.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza. Kava.

Kava, kinywaji chetu cha mizizi, hutia ganzi ulimi na midomo. Hilo kila mwanamume hapa analijua tangu alipoanza kunyoa. Hakuna aliyewahi kulifikiria kisayansi. Jioni nilikaa kwenye duara kama kawaida, nikapokea kifuu changu, lakini sikumeza. Niliituliza kava shavuni, upande wa kulia, nikahesabu visiwa vyote vya kundi letu la Vava'u toka kaskazini hadi kusini.

Kelepi alikuwa mbele yangu. Aliniangalia kitambo, kisha akauliza, "Binamu, leo unakunywa au unafuga samaki humo?"

Watu wakacheka. Sikumjibu. Kinywa kilikuwa na kazi.

Gego likanyamaza. Kweli kabisa. Nyimbo zikawa zinatoka mbali, kana kwamba wanaoimba wamekaa ndani ya maji. Huko bandarini nyangumi walikuwa wakipumua, pumzi ndefu, moja moja. Nikaona hotuba yangu ikielea juu ya maji hayo, neno kwa neno, na chifu akiitikia kwa kichwa.

Nimepona. Ajabu ni kwamba madaktari hawajagundua.

Jumatano, 6 Agosti

Ilaisaane kaenda Neiafu kukaguliwa meno. Mimi dereva tu.

Daktari ni Fusi, mwanafunzi wangu wa zamani, yule aliyechora Afrika ikiwa kichwa chini kwenye mtihani. Amekuwa mtu. Alimsimamisha Ilaisaane, akamwekea kidevu kwenye kiegemeo, na mashine ikamzunguka kichwa taratibu kama mwezi unavyoizunguka dunia. Mke wangu alikuwa bado anauliza picha itakuwa tayari lini, na meno yake yote yalikuwa yameshajaa kwenye skrini. Hakuna chumba cha giza. Hakuna dawa. Hakuna kurudi wiki nyingine. Mazima yote, Fusi akasema. Nikampongeza mke wangu kana kwamba nimeyaotesha mimi.

Ndipo Fusi akanigeukia. Akauliza shavu langu linasemaje.

Nikasema halina usemi. Akaligusa kwa kidole. Nikatamka neno ambalo halimo katika hotuba yangu.

"Kaa hapa, Mwalimu," akasema. "Hili halihitaji kamati."

Niliulizia mionzi, maana msomi lazima aulize. Akasema ni kidogo sana, pungufu ya ile ya filamu za zamani, na hata hivyo hampigi mtu picha kwa kujifurahisha. Nikazungukwa na mwezi. Kisha akanitia kinywani kibamba kidogo chenye waya ili aone upande wa kulia kwa karibu. Nilijiandaa kuchomwa. Sikuchomwa.

Sasa niandike kwa makini, kwa faida ya elimu. Gego linaloniuma ni zima. Mgonjwa ni jirani yake, ambaye maisha yake yote hajalalamika hata siku moja. Fusi akaikuza picha kwa vidole mpaka gego likajaa skrini nzima. Mwambao. Rasi mbili. Na kwenye ncha ya rasi moja, wingu dogo jeusi. Nikafurahi sana. Nikaanza kumweleza Fusi jinsi rasi zinavyotokea.

Akanisikiliza. Kisha akasema, "Mwalimu, hiyo siyo ramani. Hapo pameoza."

Akasema ingekuwa zamani, ningeelekeza kidole kwenye jino linalouma, likang'olewa zima, na bovu lingebaki likistarehe. Akaituma picha kwa daktari bingwa kule Nuku'alofa, mji mkuu. Zamani ningepanda boti na filamu kwapani, nikitapika njia nzima. Leo jibu lilifika kabla sijamaliza rasi ya pili: mzizi ukisafishwa wiki hii, jino litabaki. Ukingoja, litatoka.

Fusi alitaka kuanza palepale. Nikafikiri. Ganzi. Mdomo ulioinama. Gari langu nje ya hospitali, na dada yake Kelepi anauza viazi vikuu sokoni, hatua chache tu. Nikamwambia nitarudi Ijumaa. Akaniangalia kama nilivyokuwa nikimwangalia yeye aliposema daftari limeliwa na nguruwe.

Nikamwomba atutumie picha zetu kwenye simu yetu ya mkononi. Akatuma zote mbili, yangu na ya Ilaisaane.

Njiani nikaanza kuwaza.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikwenda kwa Fusi. Mambo yameingiliana.

Asubuhi mkuu wa kijiji alinikuta barabarani, akaniuliza kwa huruma kama ni kweli kinywa changu kina ugonjwa. Nikamuuliza kasikia wapi. Akasema Kelepi anaomba dua kwa ajili yangu. Kwa sauti.

Kumbe dada mtu aliliona gari.

Mpango wa pili ukaja wenyewe, mtulivu, kama wingu linalojua linakokwenda. Simu ninayo. Ndani ya simu mna picha ya meno mazima yasiyo na doa. Picha ya meno haina sura. Haina masharubu. Nani atajua ni ya mke wangu?

Jioni, jua bado liko juu ya minazi, nikaingia kwenye duara. Mkuu wa kijiji alikuwepo. Nikaketi, nikanywa kifuu cha kwanza, nikasema kwa upole kwamba nimesikia minong'ono, na kwa kuwa matapule hapaswi kubishana, basi picha iseme. Nikawapa simu. Ikazunguka mkono kwa mkono. Walivutiwa. Mmoja alisema hajawahi kuona fuvu zuri namna ile. Mkuu wa kijiji alisema ameridhika. Nilikuwa naelea.

Ikafika kwa Kelepi.

Aliitazama, akaisogeza karibu, akaikuza kwa vidole viwili. Ndio ubaya wa picha hizi za kisasa, mtu yeyote anaweza kuzikuza. Akazidi kukuza. Mbele kabisa, katikati ya meno ya kijivu, palikuwa na jino moja jeupe, linawaka kama taa ya mnara.

"Binamu," akasema, "metali kwenye eksirei hutoka nyeupe, sivyo? Wewe ndiye mwalimu."

Nikasema ndivyo. Ualimu ni ugonjwa, siwezi kuuacha.

"Basi tucheke kidogo, tulione jino lako la dhahabu."

Sikucheka. Wao walicheka kwa niaba yangu. Kelepi akauliza kama nina kingine cha mama watoto nilichovaa leo. Hata mchanganya kava alimwaga. Mkuu wa kijiji alijifuta machozi, akasema hotuba bado ni yangu, lakini nichunge afya.

Nikanywa vifuu vingi vilivyobaki vya jioni ile. Gego halikusema lolote. Ushahidi kwamba naendelea vizuri.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika shavu.

Lilianza alfajiri. Si kudunda tena. Ni kijiji kizima kinaponda tapa ndani ya kichwa changu. Na leo ni Jumapili. Duka halifunguliwi, boti haitoki, hata mbwa hapa hutembea polepole Jumapili. Kava hakuna anayechanganya. Nikaenda kanisani, nikakaa nyuma, nikaegemeza shavu kwenye nguzo. Nguzo ilikuwa baridi. Kwaya iliimba, na kwa muda nikawa si mtu, nikawa nguzo.

Nilikuwa nimesahau kwamba Fusi ni wa kwaya. Ubeti wa pili ulipoisha, alishaliona shavu langu kutoka upande wa pili wa kanisa. Ibada ilipomalizika alinijia moja kwa moja. Hakuniuliza Ijumaa nilikuwa wapi. Ilaisaane alimwambia: kwenye kava, akionyesha watu meno yake, yaani ya Ilaisaane.

Mke wangu amejua tangu juzi. Alikuwa ananingoja tu. Chakula cha mchana alinipikia lu, nyama laini ndani ya majani ya magimbi na tui, niipendayo kuliko zote, akaila mbele yangu. Alisema meno yake ni mazima, mimi ndiye shahidi.

Fusi alinipeleka hospitali, akanipa dawa ya kutuliza uvimbe. Kesho asubuhi nisipofika, atakuja kunichukua na gari la wagonjwa, king'ora kikilia, apite kwa Kelepi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilifika.

Alinipiga picha mpya, akaiweka kando ya ile ya Jumatano. Hilo nalo ni jambo la faida, kuona jana na leo vimekaa pamoja kama watoto wa darasa moja. Wingu la Jumatano lilikuwa kama mbegu ya papai. La leo ni kama punje ya harage. Mwenyewe nikaona. Hakuhitaji kunishawishi, wala mimi sikuweza kubisha, ingawa nilijaribu.

Niliuliza kama mzizi bado unaweza kusafishwa. Akasema Jumatano iliyopita, ndiyo. Leo, hapana.

Kanitoa gego. Alikuwa mpole. Nilipoondoka mdomo ulikuwa umelala na sauti inapita pembeni. Nikajaribu hotuba garini. Upepo ulitoka "ufefo". Mababu hawakutoka kabisa.

Ilaisaane alinishika mkono njia nzima. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, ikateleza chini yetu kama mto.

Jumatano, 13 Agosti

Ukumbi umefunguliwa. Kelepi amesema.

Alisema vizuri. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Alianza na mvua, akapita kwa mababu, hakufika kabisa kwenye mabati. Mwishoni alimshukuru Mungu kwa binamu yake mpendwa, ambaye leo, kwa mara ya kwanza, ametupa nafasi tusikie ndege. Chifu alicheka mpaka akashika tumbo.

Nguruwe wa kuokwa walipita mbele yangu, ngozi inalia kwa ukavu. Mimi nilikunywa supu.

Baadaye wanaume waliniomba walione wingu wenyewe. Nikawapa picha yangu, ya kweli safari hii. Nikaeleza rasi, nikaeleza kwamba jino bovu lilikuwa kimya na zima ndilo lililopiga kelele. Hakuna aliyecheka. Mkuu wa kijiji aliutia ulimi shavuni, akawa anautembeza polepole kutoka jino hadi jino. Na Kelepi akaacha kutafuna.

Jumatatu, 18 Agosti

Nusu ya kijiji wameshakwenda Neiafu. Kelepi alikuwa wa kwanza. Amekutwa na tobo dogo kati ya magego mawili, mahali ambapo kioo cha daktari hakifiki, na lilikuwa halijamuuma. Limezibwa asubuhi hiyohiyo. Jioni alikuwa anakula miwa mbele ya nyumba yangu, upande huohuo, na kunisalimia kwa kila pingili. Meno yote kinywani. Hotuba ya Krismasi, nasikia, ameanza kuifanyia mazoezi.

Hilo halitapita. Mpango wa tatu ni mkubwa. Akina mama wa kanisa wanataka mtu wa kuwaeleza picha za meno za kisasa, na nani anazijua kuliko mimi? Mhadhara mrefu, wenye ramani. Kelepi ana tobo lililozibwa, mimi nina elimu. Mkuu wa kijiji atakaa mstari wa mbele. Nimeandika tangu asubuhi, mwanga unapita taratibu juu ya karatasi, na nyangumi wanapumua huko nje kama wasikilizaji walioridhika.

Fusi kapiga simu. Anasema kwenye picha kubwa kuna kivuli upande wa kushoto, anataka kukitazama kwa karibu leo, ni dakika chache tu. Nikamweleza kwamba leo haiwezekani, naandika kuhusu umuhimu wa jambo hilohilo. Na kushoto hakuumi. Akanyamaza kwenye simu, kimya kirefu. Nadhani aliguswa.

Sentensi ya mwisho imekamilika, nimeisoma kwa sauti mara kadhaa, kila neno limetoka sawa: Leo hii, hata kama hakuna kinachokuuma, nenda kapigwe picha ya meno.