Siogopi Sindano

Jumatatu, 6 Machi

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa stoo yangu ya dawa. Yangu! Gundi imebandua rangi. Wafanyakazi wote wa hospitali wachanjwe kabla ya Ijumaa. Asiyetaka ajaze fomu, ahamishiwe stoo ya vitanda vibovu kule uani, mbali na wagonjwa.

Chanjo sitaki. Uani siendi. Mimi ndiye mtunza friji la chanjo, mwaka wa kumi na moja sasa. Asubuhi na jioni napima joto na kuandika boksi lipi limefunguliwa na lipi bado, na daftari langu halina hata mstari mmoja uliokatwa. Mtu kama mimi akakae na vitanda vya miguu mitatu?

Saa ya chai nikatoa hotuba. Mwili wangu, uamuzi wangu, haki yangu. Wafagiaji wakapiga makofi. Dereva wa gari la wagonjwa, mtu asiyejua kunyamaza, akauliza kama naogopa sindano. Wote wakaangua kicheko.

Siogopi sindano. Naandika hapa ijulikane.

Jumanne, 7 Machi

Mama mkwe amehamia kwetu. Katoka kwenye matibabu mazito, amebaki mifupa na ucheshi. Daktari wake kasema mwili wake hauwezi kupokea chanjo kwa sasa, hivyo wanaomzunguka ndio wachanjwe. Asiyechanjwa ale chumba kingine na avae barakoa.

Mke wangu alishachanjwa zamani. Kaniuliza, na mimi je? Nikasema kesho. Kanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jumatano, 8 Machi

Nimelala na wazo, nimeamka na mpango.

Kadi za chanjo zimo kabatini mwangu. Mhuri wa meza ya chanjo huachwa kwangu kila jioni. Kilichobaki ni namba ya boksi la dawa, ijazwe kwenye kadi. Nikafungua friji, nikachagua boksi la chini kabisa, safi, namba inasomeka bila miwani: 41. Sahihi ya muuguzi ni mkwaruzo tu, hata kuku angeiweza. Nikagonga mhuri. Nimechanjwa!

Nikabandika plasta mkononi. Nyumbani nimegumia vizuri sana, mpaka mke wangu kanibebea ndoo ya maji ya kuoga. Mama mkwe kaishika kadi kwa mikono miwili, kaibusu, kasema sasa ana mtoto wa kiume.

Nikajisikia vibaya. Kwa dakika kama nne.

Ijumaa, 10 Machi

Mama mkwe hataki tena kula peke yake. Kiti chake kimesogezwa ubavuni mwa changu. Anamenya chungwa, nusu yake, nusu yangu. Ananisimulia utundu wa mke wangu alipokuwa mdogo, tunacheka mpaka anashika mbavu. Nampenda huyu mama, sifichi.

Kazini dereva kanipiga begani kunipongeza. Nikapiga yowe kama inavyopasa. Akasema mbona jana plasta ilikuwa mkono wa kushoto. Mtu mzima gani anakariri mikono ya wenzake?

Jumatatu, 13 Machi

Kikohozi. Ni vumbi la stoo.

Jioni mwili unachemka. Joto la friji napima kila siku, la kwangu sikulipima. Ya nini kujitafutia maneno?

Nimewaza kujitenga chumba cha nje. Lakini aliyechanjwa akijitenga ataulizwa kulikoni, na maswali ya mke wangu hayana mwisho. Nikatafuna pipi ya mnanaa, nikakaa kwenye kiti changu. Mama mkwe kanisikia nakohoa. Kanichua kifua kwa mkono wake mwenyewe, kanifunga shali yake shingoni, kaniambia nisijichoshe na kazi.

Nikaivuta mpaka masikioni. Shali ina joto zuri.

Alhamisi, 16 Machi

Mama mkwe kashindwa kupumua, mchana, mezani. Chungwa likamdondoka. Dereva kaja na gari la wagonjwa, kambeba yeye mwenyewe mpaka kitandani. Hakunitania hata kidogo. Afadhali angenitania.

Yuko kwenye oksijeni. Mke wangu amemshika miguu. Mimi nikaenda kupima joto la friji. Digrii nne. Nikaandika.

Ijumaa, 17 Machi

Muuguzi mkuu kataka kadi za watu wote wa nyumbani kwetu. Nikampa yangu, kifua mbele. Kaisoma, kisha kaomba daftari langu la friji. Nikampa na hilo, kwa fahari. Mjinga mimi!

Boksi 41, halijafunguliwa. Jumatano asubuhi, halijafunguliwa. Jumatano jioni, halijafunguliwa. Leo asubuhi, vilevile. Kila mstari una sahihi yangu. Kaniuliza mimi nilichomwa dawa iliyotoka wapi.

Nilikuwa na siku tisa za kulirekebisha daftari. Lakini ningelazimika kukata mstari. Miaka kumi na moja!

Nikaanza ile hotuba ya mwili na haki. Kanikatiza, wala hakupandisha sauti.

"Kukataa ilikuwa haki yako, na fomu nilikuwekea. Ila mama yako naye alikuwa na haki ya kukukataa wewe, na hiyo umemnyang'anya."

Nikatazama viatu vyangu. Vinataka rangi.

Jumatatu, 20 Machi

Mama mkwe kavuka hatari. Wamemtoa mpira wa oksijeni. Mke wangu alishamweleza yote. Mimi hasemi nami tangu Ijumaa, na sahani yangu naikuta imefunikwa chumba cha nje.

Nikasimama mlangoni mwa wodi na maneno niliyoyaandaa tangu asubuhi. Mama kaniita nisogee. Kisha akakumbuka, akainua kiganja nisimame palepale.

"Mwanangu, ungesema tu unaogopa sindano. Ningekula peke yangu, na ningekupenda vilevile."

Nikatoka. Nje nikakutana na dereva, nikamwambia macho yananiwasha kwa ile dawa ya kusafishia sakafu. Akasema ni kweli, ni kali.

Jumanne, 21 Machi

Nimehamia uani. Vitanda sitini na vinane, hakuna hata kimoja kizima. Nimefungua daftari jipya, mistari imenyooka.

Mke wangu kaniletea ujumbe, wa kwanza tangu Ijumaa. Mama anarudi nyumbani Jumamosi. Nikachanjwe kweli, nije na kadi, kiti changu bado kipo. Kasema mama ndiye aliyeomba kiti kisiondolewe.

Nikakaa kwenye kitanda kisicho na mguu, nikatafakari kosa langu kwa dhati, bila kujionea huruma. Roho iliniuma. Na kosa nimeliona.

Nilinakili namba ya boksi ambalo halijafunguliwa. Boksi 37 lilifunguliwa tangu mwezi uliopita, namba yake naikumbuka vizuri, na mfukoni mwa koti langu la kazi nimekuta kadi moja tupu yenye mhuri tayari.

Jumamosi niko mezani.