Kamera Iko

Kitwe, Septemba 2025. Ni mwaka wa ishirini na saba tangu niondoke Lubumbashi. Wiki iliyopita mpwa wangu Sephora alinitumia kwa simu hotuba iliyotolewa Hewa Bora, mtaa wa Lubumbashi, kwenye kiwanda cha unga wa mahindi, siku ya kuzindua kamera ya kukagua mifuko. Dada yangu mdogo, Adolphine, alikuwa mmoja wa wanawake waliokagua mifuko hiyo kwa macho na mikono, hadi Pasaka walipoambiwa wakae nyumbani kwa kuwa kamera inakuja. Tangu hapo ananiuliza nitarudi lini, maana nyumba ya baba imebaki na mtu mmoja, na mtu huyo aliachishwa kazi.

Nimeandika nilivyosikia, na yale yasiyosikika nimeambiwa na Sephora. Msomaji wa mbali ajue jambo moja tu: kwetu "iko" ni "ni", na pia ni "ipo". Ukisema "kamera iko", huenda umemaliza sentensi, huenda hujaianza.

Anayesema ni Mratibu Stanislas, wa ofisi moja ya mkoa.

"Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkoa, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma kiti chake; waheshimiwa wakuu wa ofisi, wakuu wadogo wa ofisi, na wale wanaosubiri kuwa wakuu; Baba Padri, utakayebariki mwishoni kama muda utaruhusu; Papa Mumbere, mfanyabiashara wa jumla, ambaye malori yake yanafikisha unga huu hadi Lukafu; maprofesa wa chuo kikuu cha Kasapa mliokuja kwa miguu; akina mama, akina baba, vijana, na ninyi nyote ambao itifaki haikuwaona lakini inawazingatia; na mimi mwenyewe, ambaye bila unyenyekevu wangu siku hii isingekuwa na mtu wa kuitaja. (Makofi, upande wenye viti.)

Ni kwa heshima kubwa, na katika utekelezaji wa awamu ya pili ya mpango ambao awamu yake ya kwanza ilikuwa kuamua kuwe na awamu ya pili, kwamba ninasimama mbele ya mkanda huu, unaopitisha mifuko kutoka kwenye mashine ya kushona hadi kwenye lori, ili niwatangazie kwamba kamera iko. (Makofi.) Iko ya kisasa. Iko automatique. Iko na intelligence artificielle, yaani akili ambayo haikusoma popote lakini imefaulu. Mfuko ukipita, kamera inaangalia mshono, inaangalia chapa, inaangalia tarehe, inaangalia kama umejaa, na ukiwa na kasoro taa nyekundu inawaka na mfuko unatolewa kando, bila upendeleo wa kabila, wa parokia wala wa shemeji.

Hapo awali contrôle ilifanywa na mama zetu. Tunawaheshimu. Lakini utafiti wa ofisi yangu, uliofanyika ofisini kwangu, umeonyesha kwamba jicho la mama linapepesa, na linapopepesa, taifa zima halioni. Kamera haipepesi. Haiendi kwenye kilio, haina mtoto mwenye malaria, haiombi kukaa. Tangu iwekwe, mifuko mibaya imepungua kwa asilimia mia na nne, na hizo nne za ziada ni mifuko ambayo haijatengenezwa lakini tayari imekataliwa. (Mtu anacheka. Anaangaliwa. Anaacha.)

Mnaliona sanduku hili, refu kama kabati, lenye kufuli mlangoni na tundu moja upande wa mkanda. Ndani, kamera iko. (Mama Constance, aliyekuwa msemaji wa wakaguzi walioachishwa: "Iko fasi gani?") Ndani, mama. Ndani iko. Fundi, washa mkanda. (Mkanda unazunguka. Mfuko wa kwanza unapita. Wa pili haukushonwa pembeni. Taa nyekundu inawaka. Makofi. Vumbi la unga linapanda. Sanduku linakohoa.)

Hiyo, waheshimiwa, ni système ya kujisafisha. (Sanduku linakohoa tena. Constance: "Chef, kamera yenu iko na kifua. Mumupe mayi.") Maji yamepangwa katika bajeti ya mwaka ujao, mama. Tuendelee. (Mfuko wa tatu. Sanduku: "Ile nayo, chapa iko kichwa chini.") Mmesikia wenyewe: inaongea. Partenaires wetu, wafadhili, walitaka iongee Kifaransa. Mimi nikakataa, nikasema mwananchi wa Hewa Bora ana haki ya kukataliwa mfuko wake katika lugha yake. (Makofi marefu. Constance: "Mbona iko na sauti ya Adolphine?") Ni uigaji. Tulitafuta sauti yenye uzoefu. (Constance: "Adolphine, ni weye?" Sanduku linamjibu kwa neno la ndugu mkubwa: "Niache, yaya. Niko kwa kazi." Kicheko kinaenea hadi kwenye malori. Mratibu anangoja kiishe, anakunywa maji.)

Kicheko ni dalili ya amani. Sasa nawageukia wasiokuwepo: watoto wetu walioko Ndola, Kitwe na Dar es Salaam, waliotoka hapa kwa sababu ambazo ofisi husika zinazichunguza tangu wakati huo. Nawaambia, rudini. Kazi iko. Nyumba iko. Umeme iko, hata kama leo tumeazima jenereta ya Papa Mumbere. (Mumbere: "Munirudishie mbele ya saa kumi, chef. Banaingojea kwa kilio.") Itarudi, papa. Kila kilichotoka mkoa huu kitarudi.

Kwa kuhitimisha, tuseme pamoja. Jicho la mashine! (Upande wenye viti: "Linaona!") Mfuko mbaya! ("Kando!") Kamera! ("Iko!")

Namshukuru seremala aliyetengeneza sanduku. Nawashukuru partenaires watakaotuletea kamera, mara tutakapowapata. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Adolphine, aliyekubali kuwa kamera kwa kipindi cha mpito. Mama, unaweza kutoka sasa. Asanteni sana. (Mlango unasukumwa kutoka ndani. Kufuli linashika. Constance: "Ufunguo iko wapi?")

Ufunguo, mama, iko."

Hapo sauti inakatika. Sephora anasema wanawake walivunja bawaba kwa kipande cha chuma, na Adolphine akatoka mweupe kwa unga, akakohoa mpaka jioni. Kesho yake alirudi sandukuni. Siku hizi ni kibarua, anaitwa wanapotarajia wageni. Wenzake hawakuitwa kabisa.

Jumapili alinipigia.

"Yaya," akasema, "banasema kazi iko. Weye, uko njiani?"

Kwa Kiswahili chetu ningeweza kumjibu "niko", na hakuna ambaye angeniita mwongo. Nilimjibu kwa neno jingine: Sitarudi.