Laptopu Kumi na Ukuta wa Vikaratasi

Ramani aliingia ofisi ya maji kulalamikia bomba lake kavu, akatoka akiwa mtaalamu wa miradi. Alikuwa amekaa kwenye foleni karibu saa mbili, mbele ya mama wa mapokezi aliyeandika malalamiko kwenye daftari nene kama tofali, aliposikia mkuu wa idara ya TEHAMA akifoka nyuma ya mlango.

"Mwaka wa tatu huu! Mfumo wa malalamiko uko wapi? Na zile laptopu kumi za mradi zitaozea stoo?"

Wenzake kwenye foleni walisikia kelele. Yeye alisikia laptopu kumi.

Jina la Ramani alilipata kwa sababu hakukosa karatasi iliyoviringishwa kwapani. Watu humwamini mwenye ramani bila kuuliza ni ya wapi. Kuhusu usimamizi wa miradi, aliwahi kusoma nusu ya kitabu. Nusu nyingine muuza karanga alikuwa ameshaifungia karanga. Alimpita mlinzi, akagonga.

"Samahani mzee. Watu unao. Mradi wako umekosa mwenyewe."

"Wewe nani?"

"Mtu anayemaliza miradi."

Kwa namna yake ilikuwa kweli. Miradi mingi aliyoigusa ilikwisha kabisa.

Mpango wake ulikuwa mwepesi: akabidhiwe ufunguo wa stoo, atoe laptopu "zikawekewe ulinzi", asirudi. Ila ili aonekane mtu makini, alibandika sheria mbili ukutani. Kila kazi iwe na mwenyewe mmoja. Kila asubuhi watu wasimame, kila mmoja aseme jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamkwamisha. Chini yake akachora safu tatu za vikaratasi: Inasubiri, Inafanywa, Imekwisha. Kisha ulimi ukanoga, akaongeza ya tatu: hakuna kitakachotoka stoo mpaka kazi zote zifike Imekwisha, na kazi imekwisha pale aliyeiomba anaposema imekwisha.

"Hiyo ya tatu nimeipenda," alisema mkuu. "Na kwa hiyo ya kwanza, mwenyewe ni wewe. Saini hapa. Na hapa. Na hapa."

Ramani, aliyekula miaka yote kwa jasho la watu wasiosoma kabla ya kusaini, akasaini.

Wiki ya pili alijaribu kusogeza vikaratasi vitano kimyakimya hadi Imekwisha.

"Kaka," fundi wa seva akamwita bila kuvua visikizio, "nani kasema imekwisha?"

"Mimi."

"Kwani uliomba wewe?"

Ikabidi aitwe mama wa mapokezi, aliyeuomba mfumo. Akaketi, akabonyeza, akaguna. "Haijaisha, mwanangu. Nikiandika bomba limepasuka, hii inaniambia asante kwa kulipa."

Ramani akaanza kuhangaika. Akabeba daftari la mama hadi kwa mafundi. Akamkalisha mama kando yao, jambo ambalo kwa miaka mitatu halikumjia mtu. Akawa anafika saa moja asubuhi, amechomekea.

"Utapeli gani huu," alijiuliza akifuta ubao, "unaonitaka niwahi kazini?"

Wiki ya sita mama akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. "Imekwisha," akasema, na kulifunga daftari lake. Watu wakapiga makofi. Ramani machozi yalimlengalenga, na ilimchukua dakika nzima kukumbuka kilichomleta.

Mkuu alikuwa ameaga tangu juzi kwamba anakwenda likizo, akaacha ufunguo kwenye bahasha. Ramani na fundi wa seva wakafungua stoo. Maboksi kumi yalipangwa vizuri, mazito kama inavyotakiwa. Katika la kwanza mlikuwa na tofali, limefungwa kwa gazeti kwa upendo. La pili hivyohivyo. Yote kumi. Ndani ya mlango palibandikwa hati: laptopu kumi zimepokelewa, zimekaguliwa, ni nzima. Chini yake saini ya Ramani, imekaa vizuri tu.

Simu ya mkuu haikupatikana.

"Fundi kwelikweli yule mkuu," Ramani alinong'ona, kofia akiwa ameivua. "Na mimi ndiye niliyemwambia mradi unahitaji mwenyewe."

Alipogeuka, fundi wa seva hakuwepo. Ramani akaviringisha karatasi yake, akaelekea mlango mkubwa taratibu, kama mtu anayekwenda kununua vocha.

"Mwanangu, njoo uone!" mama wa mapokezi akaita kwa furaha. "Mfumo umepata lalamiko la kwanza la kweli."

Kwenye kioo cha kompyuta palisomeka: Namba 1. Laptopu kumi hazionekani. Mwenyewe: Ramani. Hali: Inafanywa.

"Lifute, mama yangu."

"Halifutiki. Si ulikataza mwenyewe? Linafungwa mlalamikaji akisema imekwisha."

Fundi wa seva, kidole bado kikiwa kwenye kibodi, akavua visikizio kwa mara ya kwanza katika wiki sita.

"Haya kaka, simama vizuri. Jana ulifanya nini, leo utafanya nini, na nini kinakukwamisha?"

Ramani akatazama mlangoni.

"Mlinzi," akajibu.