Fundo Jekundu Kwenda London

Jumatatu, 1 Juni 1936

Leo nimegundua njia ya kutajirika. Naandika upesi kabla sijaisahau, kama nilivyoisahau ile ya mwezi uliopita.

Mimi, Kepher Otiende, ndiye mpiga alama wa kiwanda hiki cha chai. Kila sanduku linalotoka hapa kwenda London linapita chini ya brashi yangu. Bila mimi ni mbao na majani tu. Basi leo karani Ongeri, mtu wa tai na mafuta ya nywele, amenionyesha kopo la mafuta yake. Lina picha ya jogoo. Chini imeandikwa kwamba jogoo huyo amesajiliwa katika nchi nyingi, na anayemwiga atashtakiwa. Nchi nyingi! Jogoo! Ongeri akasema huenda mwenye alama hajawahi kupika mafuta hata siku moja. Ana karatasi tu.

Karatasi ninayo. Wino ninao. Kilichobaki ni kupata kitu chenyewe cha kusajili.

Jumanne, 2 Juni

Nimekipata! Vikapu vya Gesare.

Gesare ni mjane kutoka Kisii, anakaa nyumba ya mwisho kwenye laini ya wafanyakazi. Anasuka vikapu vya kuchumia chai. Niseme kweli, maana hapa hanisomi mtu: sijaona mikono kama ile. Anakunja fito kwenye ukingo mpaka unadhani zilizaliwa zimekunjwa. Ukitia maji ndani ya kikapu chake, yanafikiri kwanza kabla ya kutoka. Vikapu vya wengine vinapasuka chini na jani linamwagika njiani, mchumaji anafika kwenye mizani na aibu. Vya Gesare, hapana. Na kila kimoja kina fundo jekundu kwenye ukingo, lenye mikia mitatu. Watu wanatafuta fundo hilo kwanza. Juzi mzee mmoja alitembea kutoka Silibwet kununua viwili, akarudi amevivaa kichwani kwa sababu ya mvua ya mawe.

Na hajalisajili popote! Nimemwonea huruma sana. Mwizi yeyote anaweza kumwibia. Afadhali nitangulie mimi.

Alhamisi, 4 Juni

Nimemuuliza Ongeri, kwa ujanja, alama inasajiliwaje duniani. Anasema hakuna mahali pamoja pa dunia nzima. Ni nchi kwa nchi. Ya hapa Kenya ni Nairobi, ya Uingereza ni London, na kila mahali wana fomu yao. Alama ikiwa inajulikana tayari, kazi inakuwa nyepesi. Akataka kujua ninauliza kwa niaba ya nani. Nikasema mjomba wangu wa Sigor. Sina mjomba Sigor. Ongeri akanitazama kama anayepima jani lililotiwa maji ili lizidi uzito.

Lakini fomu za nini? Miaka sita nimeona kwa macho yangu: sanduku likipigwa alama hapa, ng'ambo wanaijua. Kampuni haikuzunguka nchi kwa nchi. Ilinipa mimi brashi na bati lililotobolewa alama yake. Basi nitapiga fundo jekundu kwenye masanduku. Likifika London limejulikana. Likishajulikana, namwandikia mkubwa wa huko kwamba mwenyewe ni K. Otiende.

Ijumaa, 5 Juni

Nimetoboa bati. Fundo limetoka kama kuku aliyekanyagwa.

Nikaenda kwa Gesare kulitazama karibu. Akanipa uji. Akanionyesha fundo hatua kwa hatua, polepole, bila kuficha hata mkunjo mmoja! Nikamuuliza haogopi kuigwa? Akacheka. Akasema, "Aige tu. Vidole atatoa wapi?"

Uji ulikuwa mzuri. Sikuumaliza.

Jumamosi, 6 Juni

Masanduku arobaini! Rangi nyekundu niliitoa kwenye kopo la kupaka mlango wa stoo. Yamependeza mno, kuliko hata alama ya kampuni. Lori limeyachukua saa nne kwenda stesheni ya Lumbwa. Nimesimama nikiyapungia mkono. Barua ya kuomba usajili Nairobi nayo nimeitia posta, ili nchi mbili ziende pamoja.

Ijumaa, 12 Juni

Nairobi wamejibu! Wananiita Bwana.

Habari mbaya: wanataka kikapu kimoja cha mfano, na niape mbele ya afisa kwamba ni kazi ya mikono yangu. Kununua cha Gesare ni rahisi. Uongo mdogo haunisumbui. Lakini kiapo! Na Biblia! Mama yangu Beldina hakosi kanisani Jumapili hata mvua inyeshe vipi. Ningeungua mbele yake.

Basi itabidi nijifunze kusuka.

Jumapili, 14 Juni

Nimesuka kutoka baada ya kanisa mpaka jua linazama. Gesare alikuwa kando yangu, ananifundisha. Nilimwambia nataka kumfurahisha mama. Vidole vimechanika. Kikapu kimelala upande kama mlevi. Gesare akakizungusha, akauliza, "Wewe Kepher, hii kikapu umesuka ama umefinyanga?" Halafu akakifumua chote, bila hasira, akanianzishia upya. Mara tatu! Mtu anayefumua kazi mara tatu kwa ajili ya mjinga asiye ndugu yake, huyo ni mtu wa namna gani? Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira na nafsi yangu. Ilipita nilipokula.

Jumatatu, 15 Juni

Nimekwisha.

Simu imekuja kutoka Mombasa. Masanduku arobaini yamezuiliwa bandarini kwa kuwa na alama isiyojulikana. Meneja alipiga kelele mpaka mashine za kukaushia zikasikika kama zinanong'ona. Hakuhitaji kuuliza nani alipiga, mpiga alama ni mmoja. Akauliza alama ni ya nani.

Huu ndio ulikuwa wakati wangu wa kusema ni yangu. Miezi ya utajiri mbele yangu! Lakini niliiona jela. Niliiona wazi, na ndoo yake. Nikasema haraka haraka: si yangu, Bwana, ni ya Gesare, mwanamke anayesuka vikapu, ni yake tangu zamani, kila mchumaji kutoka hapa mpaka Kapkatet anaijua, amwulize mtu yeyote. Ongeri akaandika kila neno. Nikatia sahihi kwa furaha.

Ndiyo. Nilimtupia mjane. Naandika hapa ili iwe imeandikwa mahali.

Wakamwita. Akaja na kikapu mkononi. Meneja akakivuta, akakipiga ngumi, mwisho akasimama ndani yake na viatu. Kikapu kikakaa kimya. Akauliza anaweza kusuka vingapi. Anavitaka kwa mashamba yote ya kampuni, hata ya ng'ambo! Na alama isajiliwe Nairobi na London kwa jina la Gesare, asiibiwe. Ushahidi kwamba ni yake? Upo tayari. Umetiwa sahihi na K. Otiende.

Brashi yangu amepewa mwingine. Mimi nimepelekwa kuchuma.

Jumatano, 17 Juni

Kuchuma chai si kazi ya mtu mwenye kimo changu. Mgongo umegoma.

Gesare amekuja shambani kunishukuru. Kunishukuru! Nikaungama yote, mpaka mjomba wa Sigor. Akasema alijua tangu siku ya uji, hakuna mtu anayetazama fundo vile bila njaa ya kitu. Nikauliza mbona basi alinifundisha. Akasema nilikuwa nimekuja kujifunza, angefanyaje? Akasema pia kwamba mbele ya Meneja niliogopa, lakini niliyosema yalikuwa kweli, na hakuna mwingine aliyewahi kuyasema mbele ya mkubwa.

Nimeona aibu mpaka masikio. Jumamosi ananilipa nimbebee vikapu mpaka Kapkatet. Hakuna mwanamke kama huyu katika nchi hii yote ya chai.

Jumamosi, 20 Juni

Nimebeba vikapu kumi na viwili. Vyote vimeisha kabla ya saa sita. Watu walipanga mstari. Gesare anauza bila kupiga kelele, wala hashushi bei, na wanunuzi ndio wanaosema asante. Nilimtazama tu, nikasahau kula.

Nimeapa kuacha ujanja. Nimeapa kabisa.

Jioni nimekutana na Ongeri njiani. Anasema fomu za Gesare zimekwenda Nairobi na London. Nikauliza, na Uganda? Akasema Uganda ni nchi nyingine. Haimo. Mtu yeyote anaweza kuwahi.

Mtu yeyote!

Safari hii sitaiba, na kiapo hakitakuwa cha uongo. Nimeomba fomu moja kwa Ongeri na nimeijaza vizuri sana. Wenye alama: Kepher Otiende na mkewe Gesare. Posta inafunguliwa Jumatatu, kwa hiyo nina kesho nzima ya kumwambia Gesare kwamba tumeoana.