Mume wa Namba Arobaini na Tano

Jumatatu, 4 Machi
Wezi wameingia ghorofa ya pili. Wamebeba televisheni, pasi, hata pazia la bafuni. Mimi niko ya tatu, kwa hiyo zamu yangu inakuja. Cherehani ndiyo inayonilisha; ikienda, nimekwisha.

Jirani wa mlango wa mbele, ambaye jengo zima tunamwita Mama Darubini, ameshaweka mlango wa chuma na hunichezea funguo kila nikipita. Nami nimemwita fundi vitasa. Mtu mpole, si msemaji. Alipomaliza alifagia mwenyewe vumbi la mbao. Ameniita dada. Amesema komeo la juu ataleta Alhamisi. Nimemwambia sina haraka, na nimeshangaa kusikia ni kweli.

Jumanne, 5 Machi
Nimewaza sana. Mwizi haogopi kitasa, anaogopa mwanamume. Sina. Nimekwenda mitumbani, nimenunua buti namba arobaini na tano, nimezipaka tope na kuzipanga nje ya mlango. Naishi peke yangu tangu mama afariki. Nimesimama kuzitazama kwa muda, na nakiri zilipendeza pale.

Jumatano, 6 Machi
Mama Darubini ameuliza kama shemeji amefika salama. Ningeweza kukanusha. Nikasema amefika, ila safari imemchosha. Akauliza anafanya kazi gani. Nikasema mambo ya mitambo. Uso ukamshuka. Sikuweza kujizuia, nikaongeza kwamba anakoroma.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi ameleta komeo. Ameziona buti, akazikwepa kwa adabu, utadhani miguu imo ndani. Amefanya kazi chapuchapu, chai amekataa. Akaniaga kwa kuniita shemeji, eti nimsalimie mzee.

Shemeji! Dada ni mlango uliorudishiwa tu. Shemeji ni komeo. Nilitaka kumkimbilia ngazini nimweleze, lakini Mama Darubini alikuwa amesimama pale, masikio wazi. Nikafunga mlango. Imeniuma. Gauni la mteja nimelishona mkono wa kulia kushoto.

Jumamosi, 9 Machi
Mpango mpya. Nimelegeza skrubu za kitasa kwa kisu cha jikoni, nikamwita fundi tena. Akakitazama kitasa, akanitazama mimi, akasema skrubu hizi hazijilegezi zenyewe. Nikaishiwa uongo. Nikamweleza yote: buti ni za mitumba, ndani hamna mtu.

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akasema hata yeye huacha redio ikiongea chumbani anapotoka, na wala si kwa sababu ya wezi. Hapendi kurudi kwenye kimya. Nikamshikia bisibisi. Ameniita dada. Kesho alasiri atakuja kunywa ile chai aliyoikataa.

Jumapili, 10 Machi
Asubuhi nimefungua mlango, buti hazipo! Zimeibwa. Kumbe wezi wameshafika mlangoni kwangu. Mama Darubini amenipa pole, eti wanaume ndivyo walivyo, huondoka bila kuaga. Sikuwa na muda wa kubishana naye.

Nimekwenda mbio mitumbani. Safari hii si buti, maana janja ya buti wameshaijua. Nimenunua viatu vya ngozi vya ofisini, nimeving'arisha, nimetia na soksi ndani ili vionekane vimevuliwa sasa hivi. Na wazo la redio la fundi nimelichukua: nimetafuta kituo chenye mwanamume wa sauti nzito anayezungumza bila kupumzika. Nikavaa gauni la bluu, nikainjika chai.

Alasiri nimesikia hatua ngazini, za taratibu. Zikasimama mlangoni. Hakuna aliyebisha wala kupiga hodi. Redioni yule bwana akacheka. Hatua zikashuka, taratibu vilevile.

Nimefungua baada ya kusubiri kidogo. Mwizi ameona viatu, amesikia sauti ya mwanamume, ameghairi. Kwa hofu ameacha hata pakiti ya biskuti kwenye ngazi. Mpango umefanya kazi, na natamani fundi angekuwapo ashuhudie. Chai naipasha moto mara ya pili. Sijui nini kimemchelewesha. Biskuti nimeziweka kwenye sahani, akija azikute.